Futi Iliyokatika Inchi Mbili

Neno lenyewe nililisikia kwenye foleni ya maji, na tangu siku hiyo halijanitoka kichwani: kwamba mimi namnyima mwanangu chakula.

Aliyenipasha ni jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye sote tunamwita Bi Redio kwa sababu hazimiki. Alikuwa mbele yangu na ndoo mbili. Akageuka, akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema:

"Fundi, mimi sisemi. Wanaosema ni watu."

"Watu gani?"

"Watu. Wanasema unamkausha yule binti ili upate sanamu ya kutundikia nguo zako."

"Mwanangu mimi, Bi Redio? Niliyemzaa?"

"Ndiyo maana nimekwambia sisemi. Lakini lisemwalo lipo, fundi, na kama halipo basi liko njiani linakuja kwa mguu. Haya, sogeza ndoo, zamu yako."

Nilichota maji, nikafika nyumbani nusu ya ndoo imenimwagikia miguuni. Hasira nilikuwa nayo, siwafichi. Ila haikudumu. Nilipokuwa njiani nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwona mwanangu akitafuna kitu, nikashindwa.

Mliokuwa nami wiki zilizopita mnajua tulikotoka. Mnajua mimi ni fundi cherehani, elimu yangu ya shule ya msingi, na mwanangu ni huyu mmoja, ana miaka kumi na tisa, mtaa mzima unamwita Madoido kwa kupenda mavazi. Mnajua pia kwamba mwezi uliopita mbunifu mmoja wa mavazi alimchagua yeye na wenzake kumi na mmoja watembee jukwaani kwenye maonyesho yake. Siku ile tulikumbatiana katikati ya vipande vya vitambaa tukalia kwa furaha.

Leo nasimulia kilichofuata. Nasimulia kwa aibu, maana safari hii mkosaji simtafuti mbali.

Kwanza mumjue Madoido mwenyewe.

Mchana anafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Anatoa nakala za vyeti na barua za watu, na mteja akiingia tu yeye huanza kumsoma: kola, mabega, pindo, viatu. Jioni akirudi ananiletea taarifa kama askari aliyetoka doria.

"Mama, leo kaja mwalimu mmoja, koti zuri ajabu, lakini mabega yameshuka mpaka kwenye viwiko. Nilitamani nimvue nikuletee."

"Kwa hiyo umeacha kumtolea nakala ukawa unamkagua?"

"Nimefanya vyote. Nakala moja imetoka upande."

Simu yake imejaa maonyesho ya mavazi. Yeye akitazama anaona mikunjo, anaona bitana, anaona nani kamuiga nani. Mimi nikitazama naona wasichana wenye hasira wanaokwenda mahali na kurudi bila kufika. Siku moja akanionyesha gauni lenye mkono mmoja.

"Huyo fundi wake aliishiwa kitambaa?"

"Mama, hayo ni makusudi."

"Makusudi ya kulipigisha baridi bega moja?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza. Akianza kueleza mambo haya sauti yake hubadilika, inakuwa ya mtu mzima.

"Nguo ya jukwaani si ya kwendea sokoni, mama. Ni swali. Mbunifu anauliza, hivi nani alisema mikono lazima iwe miwili? Wewe ukiona unakasirika, unacheka, unakwenda nyumbani unaitazama blauzi yako upya. Basi, kazi yake imekwisha."

"Na huyo msichana aliyeivaa, yeye anauliza nini?"

"Haulizi kitu. Anayeivaa hatakiwi kuonekana. Ukimwona yeye kabla ya nguo, ujue ameharibu."

Neno hilo nilipaswa kulishika palepale. Nililiacha likapita kama gari la mtu mwingine.

Basi, baada ya maneno ya foleni, nikaanza kumchunguza.

Asubuhi: "Nitakula kazini, mama."

Jioni: "Nimekula kazini, mama."

Siku ya tatu nilifunika cherehani nikaenda mpaka duka la fotokopi. Nilichagua saa ambayo najua hutumwa kufuata karatasi. Mwenye duka, kijana mstaarabu, akanitolea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sikai. Nimekuja kuuliza tu, huwa anakula nini hapa?"

Akanitazama kama nimeuliza bei ya mwezi.

"Hapa? Hapa anakunywa maji. Ananiambia unampikia asubuhi chakula cha kumfikisha jioni. Mimi na mke wangu tunasemaga, yule mama anajua kulea."

Nikamshukuru, nikatoka. Sijui hata nilipitia njia gani. Mimi nilijua analishwa kule, kule walijua analishwa kwangu, na mtoto yuko katikati kama barua iliyokosa anwani.

Jioni ile nilipika chakula anachokipenda tangu akiwa na meno manne. Nikaketi mbele yake.

"Kula nikuone."

"Nitakula baadaye."

"Kula sasa. Mimi niko hapa, sina pa kwenda."

Akachukua kijiko, akakizungusha kwenye sahani kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Nikaona kifundo cha mkono wake. Nimeshona miaka ishirini na miwili, macho yangu yanapima yenyewe hata nisipotaka, na kile kifundo hakikuwa cha mwanangu.

"Madoido, unaumwa?"

"Siumwi. Usinisukume, mama. Imebaki nusu inchi tu."

"Nusu inchi ya nini?"

Akaisukuma sahani kando. Nikambembeleza. Nikamfokea. Nikamwambia twende zahanati kesho asubuhi, akanijibu, "Baada ya Jumamosi, mama. Maonyesho yakiisha nitakwenda popote utakapo." Mwisho nikalia. Akanyanyuka, akanifuta machozi kwa mkono wa gauni lake, yeye mtoto, mimi mama mtu.

Mtoto mchanga ukimkabili na kijiko, ukamwimbia, ukamdanganya, kinywa kitafunguka. Huyu wa miaka kumi na tisa unamfanyaje? Sahani ilipoa, nikaifunika. Asubuhi nikaifunua, ilikuwa vilevile.

Alhamisi ilikuwa siku ya kujaribu nguo. Kila msichana alitakiwa aje na mtu wa kumfungia vifungo, na Madoido akaniomba mimi. Nilifurahi jamani. Nilijua nitapata nafasi ya kuzungumza na huyo mbunifu, nimwambie kama mzazi kwa mzazi.

Ni mwanamke wa makamo, amechomeka pini kwenye ukosi wa shati lake, safu tatu, utadhani nishani. Wasichana wanamwita Bibi Pini. Ukumbi mzima ulikuwa unanuka pasi ya moto na marashi. Wasichana kumi na wawili, kila mmoja na kioo chake, na wote wananong'ona kama wako msibani.

Gauni la Madoido lilikuwa refu, rangi ya moshi, bitana laini. Akaingia ndani yake, nikapandisha zipu. Ikapanda bila kugusa kitu. Akanyoosha mikono kama walivyofundishwa, na gauni likamteleza kiunoni, likaishia kukaa kwenye nyonga limepinda, kama gunia lililoning'inizwa kwenye msumari.

Bibi Pini akaja. Akatoa karatasi kwenye faili.

"Vipimo vyako hivi hapa. Nyonga thelathini na sita. Nilikata kwa hivi. Nani alikupima?"

"Mama. Yeye ni fundi."

Akanigeukia kwa heshima. "Karibu, dada. Tuko kazi moja." Kisha akaivua futi yake shingoni, mpya, ya njano, akamzungushia Madoido nyonga. "Thelathini na nne."

Madoido akatikisa kichwa, anatabasamu kama mtu aliyetaniwa.

"Haiwezekani. Nimejipima leo asubuhi. Ni thelathini na sita kamili. Ndiyo kwanza nimefika."

"Umefika wapi?"

"Thelathini na sita. Nilianza na thelathini na nane."

"Kwa futi gani?"

"Ya mama. Ya dukani."

Hapo nikaelewa. Nikashika kioo.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nakata suruali ya mteja. Futi ilikuwa imelala chini ya kitambaa sijaiona, mkasi ukapita nayo. Inchi mbili za mwanzo, pamoja na kibati chake, zikadondoka sakafuni. Nikasema nitanunua nyingine kesho. Kesho ikazaa kesho.

Dukani tuko wawili, mimi na mzee mmoja mkataji tunayemwita Mzee Mkasi. Tukawekeana utaratibu: mimi nampima mteja na kusoma namba kwa sauti kama ninavyoiona, yeye anaandika pungufu ya mbili. Nikisema arobaini, anaandika thelathini na nane. Hakuna nguo iliyorudi. Baada ya wiki mbili tulishasahau hata kama kuna kasoro. Mkono uliozoea hauulizi.

Madoido hakujua, na anayejipima hutazama namba inapokutana, si mwanzo wa futi. Siku hizo alikuwa fotokopi tangu asubuhi, dukani kwangu anapita tu jioni kuchukua ufunguo wa nyumba.

Siku alipokuja mbio kuniambia mbunifu anataka vipimo, na kwamba nyonga isizidi thelathini na sita, nilimpima harakaharaka, pini mdomoni, wateja wawili wamesimama mlangoni. Nikasoma kama nilivyozoea: "Thelathini na nane." Mzee Mkasi akaandika kama alivyozoea: thelathini na sita. Akakunja karatasi, akampa.

Mtoto amesikia thelathini na nane kwa masikio yake. Anafungua karatasi, anaona thelathini na sita. Akadhani mzee wa watu amemsitiri. Akadhani amesemewa uongo kwa wema, na sasa ni juu ya mwili wake kuufanya uongo ule uwe kweli kabla ya siku ya kuvaa.

Kumbe alitimia tangu siku ya kwanza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla sijawafungulia wateja, alikuwa akiingia nyuma ya pazia la duka na kujipima kwa futi ileile. Na futi ileile ikawa inamwambia bado. Bado. Bado. Mpaka Alhamisi ile.

Nikafungua kinywa niseme palepale, mbele ya watu wote. Sikusema. Bibi Pini alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, amefumba jicho moja.

"Lakini hebu subiri. Shikilia hapo kiunoni. Tembea."

Madoido akatembea.

"Tena."

Akatembea tena.

"Njooni hapa, wasichana. Mnaona linavyoanguka? Hivi ndivyo nilivyolichora. Mngejitahidi kama huyu mwenzenu, nisingekuwa nafumua bitana usiku kucha."

Msichana wa kioo cha pili akamsogelea mwanangu, akamnong'oneza, nikasikia: "Dada, umefanyaje?" Na Madoido akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona mwezi mzima.

"Fundi," akaniambia Bibi Pini, "wewe ni mama yake, mkono wako nauamini. Bana inchi mbili, moja kila upande. Kuna chumba pale pembeni, kina meza na taa nzuri. Saa tisa nataka kumwona ndani yake."

Alipokwenda kwa msichana mwingine, nikamvuta mwanangu koridoni.

"Madoido, nisikilize. Ile futi imekatika."

"Imekatika vipi?"

"Mwanzo. Mkasi ulipita nayo. Haianzii sifuri, inaanzia mbili. Siku ile nilipokupima ulikuwa thelathini na sita. Mzee hakukusitiri, aliandika ukweli. Hukutakiwa kupungua hata uzi mmoja."

Nilimwona akipiga hesabu kwa vidole, taratibu, kama alivyokuwa akifanya darasa la kwanza. Nilingoja anitukane. Hata angenipiga ningekubali.

"Kwa hiyo nilikuwa nimetosha."

"Ulikuwa umetosha."

"Na sasa hivi ni thelathini na nne."

"Ndiyo, mwanangu. Ni kosa langu. Vua hiyo nguo, twende nyumbani ukale."

Akatazama mlango wa ukumbi. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa na furaha. Ndicho kitu kilichonimaliza.

"Mama, ningejua mapema nisingefika hapa. Umemsikia alivyosema? Hajawahi kumwambia mtu vile. Hata wale wazoefu."

"Madoido."

"Libane, mama. Tafadhali. Ile futi hata usiitupe, imenisaidia."

Sasa niambieni, wazazi wenzangu. Nimvue nguo kwa nguvu mbele ya watu? Niende kwa Bibi Pini nimwambie nini, kwamba unachokisifu ni kosa la mkasi wangu? Nikamrudisha kwenye kioo chake, nikamfungulia zipu. Nikalichukua gauni. Nikaenda kwenye kile chumba.

Nikafumua pembeni, nikapachika pini, nikaanza kubana kwa mkono. Nilijiambia nitamalizia, atatembea siku moja tu, Jumapili nitamlisha kwa kijiko. Kitambaa kilikuwa kizuri, kinaipokea sindano bila kelele. Na Mungu anisamehe, nilikuwa nashona vizuri. Mshono ulinyooka kama umepigwa rula.

Upande wa pili wa ukuta muziki ukaanza. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kutembea kwa nguo zao za kawaida, wakisubiri tuliobaki tumalize. Nikasikia viatu vya kwanza, vya pili, vya tatu. Hatua za mwanangu nazijua, kisigino cha kushoto hukigonga zaidi ya cha kulia. Akaanza. Kwenda. Akageuka. Kurudi.

Kisha kisigino hakikugonga.

Kitu kilianguka. Hakikuwa na kishindo. Kilianguka kama koti linavyoteleza kutoka kwenye henga. Muziki ukaendelea kidogo, halafu mtu akauzima.

"Mama yake yuko wapi?" Sauti ya Bibi Pini. "Fundi. Mwiteni fundi."

Niliwaahidi tangu wiki ya kwanza kwamba sitaficha. Nilikuwa nimebakiza vidole viwili vya mshono. Nilivimalizia. Nikapiga fundo. Nikakata uzi kwa meno. Ndipo nikainuka.

Nilipofika mlangoni wasichana walikuwa wamefanya duara, na katikati ya miguu yao niliuona mkono wa mwanangu, kiganja kikitazama juu. Bibi Pini alikuwa amepiga magoti, ameweka sikio kifuani pake, na mkono mmoja ameuinua ili watu wanyamaze. Yeye anasikiliza. Sisi tunamtazama mdomo.

Alichokisema alipoinua kichwa sina nguvu ya kukiandika leo. Badala yake naandika haya. Yako machache, yakateni myabandike ukutani.

Usiendelee kutumia kipimo kibovu kwa sababu wewe unaujua ubovu wake. Mtoto haujui.

Usisome namba ya mwili wa mtoto kwa sauti kisha ukaendelea na kazi. Muulize amesikia nini.

Usikubali "nimekula huko". Nenda huko.

Usiahirishe zahanati mpaka baada ya sherehe ya mtu.

Usimshukuru anayemsifu mwanao kwa kukonda, hata kama ni mtu mkubwa.

Usibane nguo ya mtoto anayepungua. Iache impwaye, watu waone.

Ukiitwa, usimalize mshono.